Spana Haianguki Miwanini

Machi 4

Wameuza mnara. Nimeambiwa leo asubuhi nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na aliyeniambia alikuwa anatabasamu.

Mnara wenyewe si wa kutisha mtu. Ghorofa nne za matofali nyuma ya karakana, ndani hamna vyumba, kuna shimo la lifti tu, na lifti moja kuukuu ambayo kazi yake ni kuharibiwa na kutengenezwa. Humo ndimo nilimofundishia kila fundi wa lifti aliyemo kwenye kampuni hii. Nimewapaka grisi mpaka kwenye nyusi. Wamelia humo, wametapika humo, na mmoja alichumbia humo kwa simu, juu ya paa la lifti, tukamsubiri apate jibu ndipo tukamshusha.

"Mwalimu, tunapunguza," akasema meneja wetu. Kijana ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini sisi tunamwita Punguza. Amepunguza sukari ya ofisini, amepunguza walinzi, amepunguza hata balbu za chooni. "Wanafunzi watakaa makwao. Hakuna nauli, hakuna nyumba za wageni, hakuna posho. Mafunzo na mikutano yote inahamia kwenye ulimwengu pepe."

Akaniwekea sanduku mezani. Ndani mna miwani kubwa nyeusi, utadhani ya mchomelea vyuma, na vishikio viwili vya mkononi.

"Na shimo?" nikamwuliza.

"Shimo limo humo humo, Mwalimu."

Nikanywa chai yangu. Ningefungua mdomo ningemwaga unga leo leo.

Kinachoniuma ni hiki: darasa linaloanza ni la binti yangu. Kitinda, mtoto wangu wa mwisho, ameacha kazi ya duka la vitambaa, kaenda kuomba ufundi wa lifti bila kuniambia, na wamemchukua. Watoto wa watu wote niliwafundisha shimoni. Huyu niliyemzaa mwenyewe ndiye nimfundishe kutoka kwenye sanduku, halafu apelekwe kwenye mashimo ya kweli?

Machi 6

Nimevaa miwani. Nimetapika.

Baba Kitinda ameinua kichwa kwenye cherehani yake: "Ulitaka kutapika, si ungeniambia nipike mimi?"

Machi 7

Nimejaribu tena, nimeshikilia friji kwa mkono mmoja. Unajikuta umesimama ndani ya shimo la lifti, safi, lina mwanga, halinuki kitu. Nikajiona kwenye kioo cha lifti: wamenipa sanamu yenye mashavu ya msichana wa shule na tabasamu ambalo haliondoki. Nimekunja uso mpaka paji likauma. Wapi! Ile sura inacheka tu.

Machi 9

Mvua ya kwanza, kubwa. Darasani hakukosekana hata mtu, maana hakuna aliyetoka kwao. Haya, hapo nampa Punguza haki yake.

Machi 13

Niandike ukweli, nisije nikaonekana mzee mkaidi. Leo nimefurahi.

Huko miwanini naweza kuipasua mota ya lifti kama chungwa, nikawaonyesha breki inavyobana na kuachia, nikairudisha nzima. Mnarani nilikuwa nachora kwa chaki na kupiga kelele. Yule mwanafunzi tunayemwita Kinyozi, maana alikuwa kinyozi mpaka juzi na ana mtoto mchanga wa kulisha, amenielewa somo ambalo wengine hunichukua wiki nzima kuwapa.

Na Kitinda! Ana mikono myepesi, hana papara, anauliza maswali ya mtu mzima. Tuko nyumba moja, yeye chumbani kwake, mimi jikoni, tunakutana shimoni. Akaniita "Mwalimu" kwa adabu zote. Baada ya darasa akaja jikoni akasema, "Mama, kuna chai?" Nikacheka peke yangu.

Machi 17

Leo nimeona kitu, na sijakipenda.

Kinyozi alikuwa juu ya paa la lifti anafungua nati. Akataka tochi. Akaiachia spana. Spana ikabaki pale pale hewani, usawa wa kifua chake, inamngoja. Akamulika alikotaka kumulika, akaichukua tena kama mtu anayetoa kitu rafuni. Nikawatazama wengine. Wote wanafanya hivyo! Kitinda alikuwa amezungukwa na nyundo, bisibisi na koleo vinaelea, na yeye katikati anafanya kazi kwa raha zake.

Mnarani kulikuwa na sheria iliyotangulia nyingine zote: kamba kwanza. Kila kifaa kina kamba yake, na kamba hiyo imefungwa mkononi mwako kabla hujakanyaga paa la lifti. Aliyesahau, kifaa kikamponyoka, kilipita kwenye upenyo kati ya lifti na ukuta mpaka chini kabisa, na sote tulisikia kilivyotua. Ule mlio ulikuwa unafundisha kuliko mimi. Mtu akishausikia mara moja, anafunga kamba hata kwenye ndoto.

Nimempigia kijana wa kompyuta, tunayemwita Mtambo.

"Mwanzo vilikuwa vinaanguka, Mwalimu," akasema. "Watu wakawa wanainama kuviokota, wanagonga meza za kwao. Mmoja alivunjika jino. Basi waliotuuzia wakavifanya vikae hewani."

"Vifanye vianguke."

"Siyo mimi, ni wao. Na wanataka walipwe upya. Ongea na bosi."

Machi 20

Nimeongea na bosi.

Mkutano wa matawi yote sasa unafanyika miwanini, kwenye ukumbi wa vioo ulio juu ya mawingu. Punguza huko ana mabega ambayo mama yake hakumzaa nayo. Nikanyoosha mkono, nikapewa nafasi, nikaeleza habari ya spana. Akasema ni hoja nzuri, itaangaliwa bajeti ijayo. Nikasema bajeti ijayo wanafunzi watakuwa wameshaingia kwenye mashimo ya watu, na mmoja wao ni mwanangu. Akasema, "Asante, Mwalimu." Nikasema sijamaliza. Kumbe nimeshamaliza. Ana kitufe, akikibonyeza sauti yako inakatika.

Nilipiga kelele jikoni kwangu mpaka Baba Kitinda akaja na uzi mdomoni. Nilipiga meza, chumvi ikamwagika. Na kule ukumbini sanamu yangu imekaa imenyooka, mashavu yanang'aa, inacheka. Mwishoni Punguza akabonyeza makofi. Hicho nacho ni kitufe. Mikono yetu sote ikapiga, na ya kwangu ikiwemo.

Jioni mkuu wa tawi moja akanitumia ujumbe: "Nimefurahi kuona umelipokea vizuri."

Machi 25

Kitinda alikuwa anaosha vyombo. Akaosha kikombe, akataka sabuni, akakiachia kikombe hewani. Kikapasuka sakafuni.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, nimesahau niko wapi!" Baba yake naye akacheka. Mimi nimefagia vipande.

Machi 28

Kifuniko cha sufuria.

Machi 30

Kinyozi amenisimulia kwa simu, kama kichekesho, kwamba ameangusha chupa ya maziwa ya mtoto. Aliiachia ili afungue mlango. Nikamwuliza, mlango wa wapi? "Wa kwangu, Mwalimu. Nilikuwa macho kabisa."

Nimewaambia wote leo: kila mtu afunge kamba ya kweli mkononi kwake, aning'inize kijiko cha kweli, kabla ya kuvaa miwani. Wamefanya. Darasa halijaisha nusu wameacha, wanasema kinawagonga magoti.

Aprili 2

Mvua haikati. Maji yanaingia kwenye mashimo, lifti zinasimama mji mzima. Mafundi wetu wanatoka jengo hili wanaingia lile, wamelowa, hawalali vizuri. Simu za ofisini zinaita mfululizo. Leo nimemsikia Punguza akimwambia mteja, "Tuna mafundi wapya wanamalizia mafunzo." Hawajafika hata katikati!

Aprili 3

Mvua.

Aprili 8

Tumegombana. Nilimkuta Kitinda anapiga pasi, nikamwambia bila kuzunguka, "Toka kwenye hilo darasa."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Akaiweka pasi pembeni. "Mama, watoto wa watu umewapandisha shimoni ukarudi nyumbani ukala ukashiba. Mimi ndiyo wa kufungiwa kabatini?"

"Wale niliwafundisha."

"Na mimi ananifundisha nani?"

Lo! Nilisema maneno ambayo sikupaswa kuyasema, kwamba arudi akapime vitambaa, kwamba mikono yake ni ya dukani. Akanitazama. Akasema, polepole, kwamba tangu yuko mdogo alikuwa anakaa dirishani kuningoja nirudi na grisi yangu, na alikuwa anaiona kama mapambo. Hakuna kingine alichowahi kukitaka.

Baba yake amejaribu kutupatanisha. "Mko wawili na vichwa viwili vigumu, mimi nina masikio mawili tu." Hakuna aliyecheka. Tumelala bila kuagana.

Aprili 11

Nimepiga moyo konde, nimekwenda kwa waliouziwa mnara. Nikawaomba, nikawabembeleza kama mkopaji, waniachie nilete vijana wangu hata kwa nusu siku tu, waangushe kitu kimoja wakisikie kikitua. Mwenye mali ni mtu mwema, akakubali. "Karibu, lakini sisi tumegeuza ghala."

Nikawaleta. Wakaja kwa nauli zao, kwa mvua ile, na Kitinda akaja ingawa hatusemeshani. Nikawapandisha juu, nikafungua mlango wa shimo. Shimo limejaa magodoro, kuanzia chini mpaka karibu na juu. Lifti kuukuu wameiuza chuma chakavu.

Nikaiachia spana. Ikaenda, ikatua, haikutoa hata sauti ya kusingiziwa.

Kinyozi akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, halafu nikaona nalia, nikageuka ukutani. Kitinda akaja akanishika bega. Tumerudi pamoja chini ya mwavuli mmoja.

Aprili 16

Punguza ameniita miwanini, peke yetu, kwenye ofisi yake ya juu ya mawingu. Anataka nitie sahihi kwamba darasa limehitimu. Alama za mashine ni nzuri mno, na Kitinda ndiye wa kwanza.

Nikakataa. Nikasema, niweke mbele ya mtu yeyote, nitakataa mbele yake.

"Sawa," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mtambo atatia sahihi. Alama zipo. Lakini hapo sitakuwa na kazi ya mwalimu, na wao wataanza Jumanne bila wewe."

Nikakaa nayatazama yale mawingu. Nikimkatalia, wanaingia mashimoni na simo. Nikikubali, najua nilichokitilia sahihi. Mungu wangu, nilitamani mtu aje aniondoe pale kitini.

Nikamwambia: natia sahihi, kwa sharti moja. Miezi yote ya mwanzo nakaa mimi chini ya shimo, popote atakapokuwa Kitinda. Akisahau kamba, kifaa kinitue mimi, kisimtue mtoto wa mtu. Na nikiwa chini nitampigia kelele asisahau.

"Hilo halina gharama," akasema Punguza. Nikatia sahihi.

Aprili 21

Jengo la kwanza. Maji shimoni mpaka magotini, tumeyavuta kwa pampu. Kitinda juu ya paa la lifti, mimi chini. "Kamba kwanza!" nikapaza sauti. "Imefungwa, Mwalimu!" Salama.

Aprili 22

Kamba imefungwa. Salama.

Aprili 23

Salama. Nimekohoa kutwa.

Aprili 24

Aliniachia bisibisi, ila ilikuwa na kamba, ikamning'inia mkononi. Aliiangalia kana kwamba ndiyo anaiona leo. Nyumbani ameniosha miguu kwa maji ya moto bila kuombwa.

Nadhani anaelewa. Mtoto wangu anaelewa! Tungepata mvua nyingine moja tu ya hivi, tukiwa pamoja, angekuwa fundi kuliko mimi.

Aprili 27

Salama.

Mei 6

Hapa anayeandika ni Baba Kitinda. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kurekebisha.

Ilikuwa jengo la maofisi, refu kuliko yote tuliyofanya. Lifti tuliifunga ghorofa za juu, Kitinda yuko paani pake, mimi chini nimepiga magoti kwenye matope, mkono wa kulia umeshikilia chuma cha reli ya lifti huku nasafisha kwa kushoto. Nilipaza sauti kama kawaida. Akajibu kama kawaida. Kamba ilifungwa.

Halafu mlango mmoja wa juu ukaanza kugongwa. Mpangaji amechoka na ngazi, anauliza lifti itapona lini. Akagonga, akatukana, akagonga tena. Kitinda akahamisha spana kwenda mkono wa pili ili amalize haraka, na kuhamisha maana yake ni kuifungua kamba kwanza huku na kuifunga tena kule. Akaifungua. Yule mtu akagonga. Kitinda akataka tochi.

Akaiachia spana pale hewani.

Yeye mwenyewe aliniambia njiani kuja hospitali. Anasema aliichukua tochi, akamulika nati, akanyoosha mkono usawa wa kifua kuichukua spana, na mkono ukakuta hakuna kitu. Ndipo akaita, "Mama!" Hakuita Mwalimu. Spana ilikuwa imeshafika.

Kofia ilikuwa kichwani. Ingenitua hapo, pengine leo ningekuwa mzima. Ilinitua mkononi, juu ya chuma. Daktari ameacha kidole gumba na kipande cha kiganja. Nimemwuliza kama vitashikika vyombo. Akasema tutaona, na madaktari wakisema tutaona, wameshaona.

(Hapa nimesimama kuandika kidogo. Ananiambia niendelee, eti machozi yangu yanalowesha karatasi. — B.K.)

Kitinda hajaingia wodini. Yuko kwenye kibaraza cha hospitali tangu siku ile, anamsimulia kila nesi anayepita, lakini mlangoni hapiti. Nimemtuma baba yake amwambie sina hasira. Sina, kweli sina. Nilikaa pale chini kwa sababu hiyo hiyo. Alirudi na jibu: "Anasema ndiyo maana hawezi kuingia."

Kutoka kazini hajaja mtu. Wametuma picha ya maua.

Mei 9

Nimerudi nyumbani. Kitinda ananilisha, hanitazami usoni. Chakula anakipika baba yake. Nimetapika, na nimemwambia ile ahadi yake ya siku ya miwani ameitimiza. Akacheka kwa huruma.

Mei 13

Kikao cha uchunguzi kimefanyika miwanini, ili mtu asisafiri. Mimi na Kitinda tumekaa meza moja ya jikoni, kila mmoja na miwani yake, magoti yetu yanagusana chini ya meza.

Mtambo alikuwa ameniwekea mkono wa kulia ufuate wa kushoto. Basi nikatokea kule ukumbini na mikono miwili mizima, kucha zote zipo. Nilishindwa kuacha kuitazama.

"Mwalimu, unaonekana vizuri sana," akasema Punguza.

Alikuwepo na mwanasheria wa kampuni, sanamu yake nayo inacheka. Akaeleza kwamba watahoji mmoja mmoja na sauti za wengine zitafungwa. Akasema pia, kwa upole, kwamba aliyefanya uzembe kazini ukaumiza mtu anaweza kupelekwa polisi. Kitinda akanishika goti chini ya meza.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuulizwa: spana ilifikaje chini?

Nikaona yote mbele yangu. Binti yangu kituoni, jina lake limeandikwa, anaitwa maisha yake yote yule aliyemkata mama yake mkono. Nikasema, "Nilimwita mimi. Nilimwambia aniachilie, nitaidaka. Kosa ni langu."

Pembeni yangu nikasikia, "Mama, hapana!" Kule ukumbini Kitinda alikuwa amekaa kimya anatabasamu, sauti yake imefungwa.

Yeye hakuhojiwa. Mwanasheria akasema maelezo ya mwalimu yanatosha. Uamuzi ukasomwa hapo hapo. Kosa ni la mkufunzi. Kwa huruma ya kampuni nitabaki na kazi, nitafundisha miwanini tu. "Huku huna kasoro yoyote," akaongeza Punguza, na nadhani maskini alidhani ananifariji.

"Na kwa kuwa binti hana kosa," akaendelea, "na alama zake ndizo za juu, Jumatatu anarudi jengo lile lile, lifti bado imesimama. Chini atakaa Kinyozi."

Moyo ukanilipuka. Nimemsafisha mwanangu, na kwa kumsafisha nimemrudisha kule kule juu! Na chini yake nimemweka baba wa mtoto mchanga! Nikapiga kelele: nimesema uongo, ameiachia yeye, mmemfundisha wenyewe kuiachia, msimpandishe, nawaomba, msimpandishe. Nikasema mpaka koo likawaka.

Nilikuwa nimeshafungwa sauti. Punguza akabonyeza makofi. Mikono yangu miwili ikapiga, na ya Kitinda ikapiga, tunatazamana tunachekeana, na huku jikoni nasikia mtoto wangu analia karibu na sikio langu.

Nikaivua miwani kwa mkono wa kushoto. Nikamvua na yeye. Uso wake ulikuwa umevimba kwa machozi. Kutoka kwenye miwani mezani sauti ndogo ikawa inasema, "Mwalimu, umetuelewa? Naona unatabasamu."

"Nakwenda, Mama," akasema Kitinda. "Nisipokwenda watampandisha mwingine aliyefundishwa kama mimi."

Nikamwambia akienda nitakufa. Akaniegemea. Hakusema haendi.

Mei 15

Nimepiga simu ofisini kutwa nzima kusema nilidanganya. Wanasema faili limefungwa.

Mei 18

Naandika mwenyewe, kwa kushoto, herufi zinakwenda zinakotaka.

Alitoka kabla sijaamka. Baba Kitinda akanifunga viatu, tukaenda. Tulifika Kinyozi akiwa kwenye mlango wa shimo, ghorofa ya chini, amevaa buti za mpira na pampu iko begani. Kitinda yuko juu tayari. Nikamsukuma kwa bega, nikakaa kwenye kizingiti cha shimo, miguu ndani, na bandeji yangu nikaiweka mapajani aione.

"Mwalimu, nipishe. Watanifukuza."

"Wakufukuze. Hashuki mtu."

Wapangaji waliokuwa wanangoja lifti wakajaa. Mmoja akauliza huyu mama anauza nini. Mlinzi akapiga simu, simu ikampata Punguza, Punguza akasema atafungua mkutano miwanini tuyamalize kwa amani. Nikasema miwani nimeisahau nyumbani, yeye aje na miguu yake. Hakuja. Akaagiza nitolewe. Mlinzi akaniangalia mkono, akaenda kusimama kwa nje.

Kitinda akaita kutoka juu, "Mama, toka! Naomba utoke!"

"Sitoki!"

Maji yanadondoka. Halafu sauti yake ikashuka shimoni, kubwa, inapasuka: "Niliiachia mimi! Kila mtu asikie! Mama hakuniita! Niliiachia hewani kwa sababu kule haianguki, na nikipanda hapa nitaiachia tena! Siwezi! Mama, siwezi!"

Milango ya ghorofa zote ilikuwa wazi kwa ajili ya matengenezo. Jengo zima lilimsikia. Kinyozi akaishusha pampu begani polepole, akavua buti, akakaa chini ukutani kufunga viatu vyake.

Kitinda akashuka kwa ngazi, ghorofa zote zile, nikasikia viatu vyake njia nzima. Alipofika akaangukia mapajani kwangu, mwanamke mzima na helmeti yake. Baba yake akatufunika koti.

Mimi, Kitinda na Kinyozi tumefukuzwa kabla ya saa saba, kwa ujumbe mmoja. Mtambo amenipigia kwa siri kuniambia darasa jipya linaanza Jumatano, wameshapelekewa miwani makwao. Nimemwuliza kama vitu vitaanguka. Akasema bado.